Shavu la Kushoto

Uvumi ulimkuta dobi ameshika pasi, na tangu hapo ulimganda kama kupe kwenye sikio la mbwa. Aliyeuleta ni jirani yake, msusi ambaye mdomo wake haukujua kupumzika.

"Shoga, yule mwalimu wa chuo cha uchoraji anamchora mtu pande zote kwa mpigo. Mbele, ubavuni, mpaka kisogoni. Hata ule upande unaouficha, anao."

Dobi akaunguza kola ya shati la watu.

Hofu yake ilikuwa na mizizi. Binti yake, Kitinda, alikuwa karani wa stoo ya rangi pale chuoni, na shavu lake la kushoto lilibabuliwa na maji ya moto alipokuwa bado anatambaa. Tangu hapo mama alimlea kwa upande mmoja. Kwenye picha, geuka hivi. Kwenye benchi, kaa mwisho. Ushungi uvute hapa. Sasa binti alikuwa amechumbiwa na fundi umeme. Fundi alilijua lile kovu, na alisema halimkoseshi usingizi. Tatizo lilikuwa mama yake, mwanamke wa kuchagua mkamwana kama anavyochagua nyanya sokoni, moja moja, kwa kubinya. Wakakubaliana ajue baada ya ndoa, maji yakishamwagika.

"Usiniambie umekaa akakuchora," dobi alimwambia binti jioni ile.

"Nimekaa, mama. Jumamosi picha zinatundikwa. Fundi ndiye anayefunga taa za ukumbi, atakuja na mama yake."

"Unakwenda kujianika kwa miguu yako mwenyewe!"

"Mama, hujaiona. Mimi mwenyewe nimejitafuta mle sijajipata."

Lakini sikio la kufa halisikii dawa.

Jumamosi ukumbi ulijaa. Mwalimu, mtu mwembamba mwenye rangi kwenye kucha, alikuwa amesimama mbele ya picha ya kikombe akiwaeleza wageni.

"Macho yako yanaona upande mmoja wa kikombe. Lakini unajua mdomo wake ni duara, unajua mkono wake uko nyuma, unajua na kitako chake. Basi tunavikata vyote, tunavitandaza pamoja. Mtindo huu unaitwa kyubizimu. Ulianza Ufaransa, zaidi ya miaka mia iliyopita. Wachoraji walichoka kuiga kile ambacho kamera inafanya vizuri zaidi, na vinyago kutoka Afrika viliwaonyesha kwamba uso unaweza kujengwa upya. Mkosoaji mmoja akawacheka, eti anaona 'kyubu' tu, yaani vijisanduku. Jina likaganda."

"Mimi naona miche ya sabuni," alisema mama wa fundi, na watu wakacheka. "Haya, mkamwana wangu ni sabuni ipi?"

Fundi akamwonyesha. Jicho moja lilitazama mbele, la pili ubavuni. Pua ilikuwa imekunjwa kama bahasha, na uso ulikuwa vipande vya kahawia na kijivu vyenye makali.

"Huyu? Mbona kama sahani iliyoanguka!" Mama wa fundi alicheka mpaka akajifuta machozi. "Lakini ana shingo nzuri. Nimempenda."

Kitinda akashusha pumzi. Ndipo mama yake alipopenya katikati ya watu. Upande wa kushoto wa picha aliona kipande chekundu chenye mikunjo, na kile alichokuwa akikiogopa usiku na mchana akakiona pale pale.

"Huna haya, mwalimu!" Alikinyooshea kidole. "Kovu la mwanangu tumelificha miaka yote, wewe unalitundika chini ya taa?"

Wageni wakageuka kufuata kidole chake.

"Mama," mwalimu alisema taratibu, "hilo ni pazia. Upande ule wa uso nilichora ushungi tu. Sikujua kama kuna kovu."

Mama wa fundi hakumuuliza mtu. Aliufunua ushungi wa Kitinda kwa vidole viwili, kama anayefunua sufuria ya jana.

"Kumbe nyanya imeoza upande," alisema. "Mwanangu, beba ngazi yako twende."

Fundi akazitazama taa. Akamtazama Kitinda. Akabeba ngazi.

"Mama," Kitinda alisema, "ukumbi mzima uliitazama ile picha. Aliyeliona kovu ni wewe peke yako."

Akauvua ushungi, akamwekea mama yake begani, akaenda kuifungua stoo. Siku hizi anaishi huko huko chuoni, anatembea kichwa wazi, na nguo zake anapeleka kwa dobi mwingine.

Mzazi mwenzangu, epuka haya:

Kwenda na habari ya msusi kwenye shughuli ya watu.

Kupiga kelele mbele ya picha ambayo hujaielewa.

Kumfundisha mtoto kukaa upande.

Kumwamini kijana ambaye hajawahi kumkatalia mama yake neno.

Kunyoosha kidole.