Miwani Kabla ya Mteja wa Kwanza

Katika soko la mji wa Daegu, Korea, mama yangu alikokuwa akiuza dagaa wakavu na mwani, mwanamke mwenye miwani hakutakiwa kupita mbele ya meza ya mtu kabla mteja wa kwanza hajanunua. Nuksi. Wauzaji waliweza kumvumilia mlevi, hata mwizi wanayemjua kwa jina, lakini miwani juu ya pua ya kike asubuhi ilikuwa balaa la kutwa nzima. Nami nilivaa miwani tangu darasa la pili, minene kama vitako vya chupa.

"Vua, vua! Unataka tulale njaa?" Mama alinipokea hivyo kila nilipompelekea supu yake kabla ya shule.

Nikivua, dunia yote inageuka ukungu. Nilipapasa kati ya mabeseni nikiwa nimeshika pindo la aproni yake, na majirani wa meza wakicheka, wakimtaja Mama kwa jina, "Kipofu wa Bok-rye huyo anapita!" Nikakua nikiamini kwamba uso wangu una kasoro ya kufichwa. Mshahara wa kwanza niliopata niliununulia lenzi za kuvaa ndani ya macho, miwani nikaifungia kwenye mtoto wa meza.

Lenzi hizo zimenilisha muda mrefu. Ninauza vipodozi katika duka kubwa, ghorofa ya chini, mahali ambapo sura ya muuzaji ni sehemu ya bidhaa. Lakini macho nayo yana haki ya kuchoka. Siku hizi yanakauka, yanawasha, na jioni yanakuwa mekundu kama ya mtu aliyetoka kupuliza jiko la kuni. Daktari alinieleza bila kuzunguka: lenzi basi, nichague miwani au upasuaji wa leza. Msimamizi wangu, Bi Pyo, akanisaidia kuchagua.

"Dada Haeran, ukivaa miwani nitakupeleka stoo. Sikuchukii, eti. Ila wateja wanataka sura iliyochangamka, si mwalimu wa hesabu."

Stoo haina dirisha wala mtu wa kuzungumza naye. Mimi ninayerudi kila jioni kwenye chumba kimya, sauti za wateja ndizo mazungumzo yangu yote. Nikaenda kliniki ya leza.

Ulikuwa msimu wa baridi, mitihani ya kuingia chuo imekwisha, na ukumbi umejaa vijana waliokuja kupewa macho mapya kama zawadi. Kila mmoja alikuwa na mama yake pembeni, ameshika koti. Msichana wa mapokezi akaniuliza, "Na wewe, nani atakuja kukurudisha nyumbani siku hiyo? Hatumruhusu mtu kutoka peke yake."

"Dada yangu," nikasema.

Sina dada. Nilitoka pale nikijionea huruma, jambo nisilolipenda. Nilikuwa nimeagizwa niyapumzishe macho bila lenzi kabla ya upasuaji, basi nikaifungua ile droo na kuvaa miwani ya zamani.

Jumatatu, siku ya mwisho kabla ya upasuaji, nilikwenda kumwona Mama katika nyumba ya wazee. Tangu mwaka jana alikuwa amenisahau. Aliniita bibi, akanikaribisha kiti, na nilipoondoka alinishukuru kwa kumtembelea. Hakuna kinachouma kama kushukuriwa na mama yako kwa adabu.

Siku hiyo alikuwa kitandani anamenya chenza. Akainua kichwa.

"Haeran! Umekula?"

Nikaketi kitandani kando yake. "Bado, Mama."

"Bado nini, na jua lote hili!" Kisha akachungulia korido kwa wasiwasi, akashusha sauti. "Mteja wa kwanza keshakuja?"

Mkono wangu ulipanda wenyewe, ukavua miwani. Ukungu ukashuka palepale. Sikuona uso wake, nilisikia tu sauti yake ikibadilika, ikirudi kuwa ile ya adabu.

"Samahani, bibi. Hujamwona binti yangu huko nje? Mdogo hivi, ana miwani minene. Nimemwambia aivue, sasa hataiona njia. Atanipataje?"

Nilivaa miwani haraka hata nikajichoma jicho.

"Nipo, Mama. Nipo hapa."

"Ahaa, umefika." Akavuta pindo la gauni lake, akaifuta miwani ikiwa usoni pangu, kioo kimoja kisha cha pili, akiipaka maji ya chenza. "Iache hapohapo."

"Na nuksi je?"

"Watakuja tu hao. Wasipokuja, dagaa tutakula wenyewe."

Nililia, na sikujificha. Yeye aliendelea kumenya kwa mkono mmoja na meno. Mkono wa pili ulikuwa umelishika koti langu pindoni, kwa nguvu.

Simu ikaita. Ilikuwa kliniki.

"Tunathibitisha ya kesho, dada. Yule ndugu yako atafika na wewe asubuhi?"

Kupitia vioo vilivyochafuka nilimwona Mama amekunja uso, ananisubiri.

"Nani huyo?" akauliza.

"Mteja, Mama."

"Wa kwanza?"

"Wa kwanza."

Akanitia kipande cha chenza kinywani, kama zamani, bila kuniuliza kama nataka.

"Mwambie asubiri. Kwanza ule."

Nikamwambia.