Mlinzi wa Nyuma ya Goli

Rashid wa Chaani, kule Changamwe, alidakia timu ya mtaa miaka mitano, na hakuna aliyewahi kumtilia shaka. Mwaka wa hamsini na tisa akaja Imre, Mhungari, mkimbizi wa vita vya kwao aliyepata kazi ya ufundi wa mitambo Port Reitz. Watu wa Changamwe walipigwa na butwaa: Mzungu, kwa miguu yake mwenyewe, kuja kuomba kucheza na makuli wa bandarini! Wakapigwa na butwaa tena alipoanza kudaka. Kumbe bwana huyu aliwahi kuwa kipa wa timu kubwa Budapest, viwanja vikifurika watu kwa ajili yake. Mzee Mwinyihaji, mwenye timu, hakuuliza mara mbili. Alimpa Imre lango, Rashid akawekwa kando.

Haya, si angemwacha kijana wa watu aende zake? Wapi. Imre mwenyewe akasema anamtaka Rashid awe mlinzi nyuma ya goli.

Sasa, mlinzi wa nyuma ya goli kazi yake Pwani nzima yajulikana: kuangalia wapinzani wasije wakafukia hirizi zao pale. Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Mzungu naye ayaamini mambo hayo! Ila alitoa sharti la ajabu: Rashid asinyamaze. Amwambie mpira uko wapi, hasa ukitokea kushoto. Rashid akajiona amegeuzwa kasuku wa mtu aliyemnyang'anya nafasi yake, na roho ilimuuma kwelikweli. Alichokitaka duniani ni kurudi langoni, basi.

Fainali ilikuwa na Likoni. Wakati wa mapumziko, bila kwa bila, Rashid alimpelekea Imre kikombe cha maji kwa upande wa kushoto. Imre hakugeuka. Rashid akakisogeza mpaka karibu na shavu, na jicho lake la kushoto halikupepesa.

"Tangu lini?" akauliza kwa sauti ya chini.

"Tangu vita. Kipande cha jiwe." Imre alitazama huku na huku. "Ukisema, mimi nimekwisha, Rashid. Sina kitu kingine."

Subhanallah. Miezi yote ile hakuna hirizi wala nini. Rashid ndiye aliyekuwa jicho la yule mtu, na sifa zote zile za Imre, wallahi, nusu zilikuwa zake.

Zikiwa zimebaki dakika chache mpira kwisha, winga wa Likoni aitwaye Matano akachomoka kushoto peke yake. Rashid alimwona vizuri sana. Akajua kwamba akinyamaza mara hii moja tu, lango linarudi kwake. Akanyamaza. Mpira ulipita karibu na bega la Imre, naye amesimama tu, anasubiri kuambiwa.

Likoni walishangilia kama wendawazimu. Lakini watu wa Chaani hawakumwendea Imre, walimwendea Rashid. Mlinzi gani huyu? Alikuwa amelala, au amehongwa akaiacha hirizi ipite? Wakamkwida shati likachanika, mmoja akamzaba kofi, mwengine akaokota jiwe. Kilichomshtua Rashid zaidi ni kuona kwamba kipigo kile kilimstahili, ingawa wapigaji hawakujua sababu.

Imre akajipenyeza katikati yao. Akaliziba jicho lake la kulia kwa kiganja, na kwa mkono wa pili akapapasa hewani mpaka akamgusa Mwinyihaji kifuani.

"Hili jingine halioni," akasema. "Kijana alinipigia kelele. Mimi ndiye niliyekosa."

Aliyeshika jiwe akaliachia likaanguka. Mwinyihaji akamgeukia Rashid.

"Ni kweli? Ulimwambia?"

Imre alikuwa bado ameziba jicho lake zima.

"Naam, mzee," Rashid akajibu, na sauti ilimtoka bila shida yoyote. Mwinyihaji akamwambia Jumamosi arudi langoni.