Picha ya Jikoni

"Kaishushe."

"Siishushi."

"Nimesema kaishushe! Kesho alfajiri upande gari ufike Shinyanga, uitoe pale ukutani, urudi nayo imekunjwa niwashie jiko."

"Haikunjiki ile. Ina fremu."

"Basi itaungua na fremu yake."

"Mama Rebeka, nisikilize. Ile siyo picha tu. Ile ni sanaa."

"Sanaa! Kamasi zangu ndiyo sanaa? Nina kamasi pale, Marcel. Nimetoa macho kama mbuzi aliyenaswa na kamba, kanga ina tundu la kupita ngumi, halafu unasimama hapa unaniambia sanaa."

"Zile siyo kamasi. Ni mwanga umegonga."

Miaka kumi na tano ya ndoa, Paskazia amejibizana na huyu mwanaume juu ya kila kitu, lakini mwanga uliogonga kamasi ulikuwa mpya. Akabaki anautazama mfuko wa mchele uliokuwa mezani, maana mfuko ule ndio ulioleta yote.

Uliingia Alhamisi saa nne asubuhi na wanawake sita wa jumuiya ya kanisani. Walikuja wamejifunga kanga mbili mbili, sura zimewashuka, mwenyekiti wao Euphrasia akiwa mbele. Paskazia alipowaona getini akauliza moja kwa moja nani kafa.

"Hajafa mtu, mayu, mama yangu," Euphrasia akasema, kwa ile sauti ya kuongea wodini. "Tumekuja tu. Ya ndani ya nyumba ya mtu anayajua Mungu."

"Ya nyumba ipi?"

"Usijikaze. Sisi ni wenzako."

Wakaimba wimbo mmoja, wakasali, wakashusha mizigo: miche miwili ya sabuni, sukari, na mfuko wa mchele. Mchele! Wanamletea mchele Paskazia, mwenye kizimba cha kuuzia mchele soko la Nyasubi hapa Kahama, mtu ambaye stoo yake imejaa magunia mpaka paka hana pa kupita. Ni kama kumpelekea mvuvi dagaa. Akaufungua ule mfuko, akachota kidogo, akaumwaga kiganjani. Chenga tupu. Tena chenga zake mwenyewe, anazijua.

"Mwenyekiti, huu si ule uliochukua kwangu wiki iliyopita? Wa vifaranga?"

Euphrasia akakohoa. "Nimeupepeta, lakini."

Ndipo Euphrasia akatoa simu, akaonyesha picha. Euphrasia alikuwa Shinyanga mjini, kwenye sendoff ya mtoto wa dada yake, kwenye ukumbi mmoja wa Ngokolo. Chumba cha pili kulikuwa na maonyesho ya picha. Akachungulia. Akamkuta Mama Rebeka ukutani, mkubwa kama mlango, analia, akaipiga kwa simu.

"Nililia na mimi pale pale, mayu. Nikasema, kumbe dada wa watu anateseka kimya kimya, na kila Jumapili tunakaa naye benchi moja."

Sasa picha yenyewe Paskazia aliikumbuka vizuri. Ilikuwa asubuhi ya mvua, gesi imeisha, kuni zimelowa. Alikuwa amepiga magoti anapuliza moto ili Rebeka apate uji kabla ya shule, moshi umejaa jiko zima, macho yanamchuruzika. Mume wake alikuwa wapi? Alikuwa amelala kifudifudi nyuma ya pipa la maji. Paskazia alidhani kaanguka. Kumbe analenga. Mwanaume mzima ana mikono miwili, stoo kuna mbao kavu, badala ya kuzileta analala kwenye matope amlenge mke wake kama anawinda kanga.

"Marcel, usinipige nikiwa hivi."

"Sikupigi. Najaribu mashine tu."

Hivyo ndivyo alivyosema. Najaribu mashine tu.

Na siyo kwamba Marcel ni mpiga picha. Marcel ni fundi wa karasha, zile mashine za kusaga mawe ya dhahabu, na kwa karasha hakuna wa kumfikia kuanzia Kahama mpaka Kharumwa. Karasha ikigoma wachimbaji wanampigia simu kama wanampigia daktari. Sasa miaka miwili iliyopita akakutana na jamaa mmoja huko machimboni ana kamera, wakabadilishana. Jamaa akatoa kamera, Marcel akatoa pikipiki. Pikipiki nzima, haina hata miaka mitatu! Tangu siku hiyo mwanaume anatembea kwa miguu, kamera inatembea shingoni.

Ukimuuliza anapiga nini, hakuna. Anapiga kutu. Anapiga nyufa za ukuta. Alitumia Pasaka nzima kwenye kichuguu, anasubiri mchwa. Kipaimara cha Rebeka, Paskazia alisema siku hii hatutafuti mpiga picha, tuna wa kwetu ndani ya nyumba. Tulia uone. Marcel akarudi na picha mia mbili na kitu. Rebeka hayupo hata moja. Kuna nyuki kwenye ua la altareni. Kuna kivuli cha mshumaa. Na kuna viatu vya askofu, vimepigwa kwa karibu mpaka unahesabu nyuzi.

"Askofu mwenyewe yuko wapi?" Paskazia aliuliza.

"Angalia vumbi kwenye kiatu. Hapo kuna ujumbe."

Mtoto kapata kipaimara mara moja katika maisha yake, na ukumbusho alionao ni vumbi la askofu.

Haya yote Paskazia aliyavumilia. Wenzake waume zao wana ulevi, wengine wana nyumba ndogo mbili tatu. Wake ana mchwa. Aliwaambia hata dada zake, afadhali mchwa. Lakini hili la ukutani lilikuwa jambo lingine. Kwao mtu akienda kupigwa picha anaoga, anapaka mafuta, anavaa nguo ya sikukuu, anasimama wima. Picha ya mtu analia na kanga iliyotoboka ni picha ya kuchangisha. Ndiyo zile zinazorushwa wasapu, mama huyu anahitaji msaada wetu, tuma chochote ulichonacho.

Na Nyasubi ilishaanza kumchangia. Ijumaa mteja alimshika mkono akamwambia pole, yatapita. Mchana akaja mzee Selestine, mkulima wa Kharumwa, mtu anayemwachia magunia yake kila msimu bila karatasi, kwa neno tu. Akasimama nje ya kizimba anazungusha kofia.

"Mwanangu, nimesikia hali siyo nzuri nyumbani. Nimeona nichukue magunia yangu mapema."

"Umesikia kwa nani, baba?"

"Nimeona picha, inazunguka wasapu."

Akapakia magunia ishirini, akaondoka. Paskazia akabaki kwenye kizimba kilicho nusu tupu. Jina ni kitu cha ajabu. Alilijenga miaka tisa, kilo moja moja, hajawahi kuchanganya mchele wala kuchezea mzani. Limebomolewa na mtu aliyelala nyuma ya pipa.

Kwenye ugomvi wa usiku ule Marcel hakubadilika.

"Kesho anakuja mgeni rasmi, Mama Rebeka. Picha yangu ndiyo ya kwanza. Natoka mbele, napewa zawadi. Unajua tangu nizaliwe sijawahi kuwa wa kwanza kwenye kitu chochote?"

"Wa kwanza kwenye karasha ni nani?"

"Karasha!" akasema, kama vile kataja choo. "Karasha ni kazi."

"Na mimi ni nini?"

"Wewe ndiye uliyenibariki. Sura yako pale inaongea."

"Basi ama uishushe, ama hii sura itakuja huko yenyewe, iongee."

Marcel akacheka. "Wewe? Kwenye maonyesho? Utaanza kuuliza askofu yuko wapi."

Asubuhi akaondoka na basi la kwanza, kapiga pasi fulana nyeupe, kamera shingoni, hata kuaga hakuaga.

Paskazia akaoga. Akapaka mafuta. Akatoa sanduku chini ya kitanda, akavaa gauni la kitenge aliloshonea harusi ya mdogo wake, lenye mabega, na hereni za dhahabu, dhahabu ya kweli ya Geita, siyo ya kupaka. Akafunga kilemba kikasimama. Akamwachia Rebeka ufunguo wa kizimba, akapanda basi la saa mbili.

Ukumbini Ngokolo hakuna aliyemtambua. Watu waliokuwa wamesimama mbele ya picha yake walimpisha apite, "karibu mama, shikamoo," wakidhani labda ni mke wa mkubwa fulani. Akasimama mbele yake mwenyewe. Kwa kweli picha ilikuwa kubwa. Moshi ulionekana mpaka unataka kukohoa. Na Marcel alisema kweli, zile hazikuwa kamasi, palikuwa na kitu kinang'aa pale juu ya mdomo. Kwa sekunde mbili Paskazia alitaka kumsamehe.

Halafu akaona karatasi iliyobandikwa chini ya fremu. Akaisoma taratibu.

*Mama asiyejulikana. Machimbo ya Kharumwa.*

Akairudia. Asiyejulikana. Akainama kuangalia vizuri, labda kuna mstari mwingine chini yake. Hakuna.

Wakati huo mgeni rasmi alikuwa anafika kwenye picha hiyo, mzee wa suti, anaongozwa na mwenyekiti wa kikundi cha wapiga picha, mmoja anaitwa Edward, kijana wa miwani anayeongea kama anatangaza mpira.

"Na hii, mheshimiwa, ndiyo mshindi wetu. Mpiga picha alimkuta huyu mama porini huko, machimboni. Hata jina alikataa kutaja, kwa uchungu. Mume wake alikuwa amefukiwa na kifusi shimoni, wiki moja tu kabla."

"Masikini," mgeni rasmi akasema.

"Na watoto watano, mheshimiwa."

Paskazia akageuza shingo kumtafuta marehemu. Marehemu alikuwa amesimama karibu na dirisha, kavaa fulana nyeupe, anakunywa soda ya chungwa.

Macho yakakutana. Soda ikasimama katikati ya njia.

"Shikamoo mheshimiwa," Paskazia akasema.

"Marahaba, mama. Unaionaje hii kazi?"

"Nzuri. Huyo mama namjua."

Edward akachangamka. "Unamjua? Tumemtafuta sana huyo! Yuko wapi siku hizi?"

"Yupo. Anauza mchele Nyasubi. Mtoto anaye mmoja, siyo watano. Gesi ilimwishia asubuhi moja ya mvua, ndiyo huo moshi." Akanyoosha kidole kuelekea dirishani. "Mengine muulizeni huyo hapo. Hata mume wake anamjua, huyo mnayesema kafukiwa. Marcel, njoo. Njoo hapa uwaambie watu mimi ni nani."

Watu wakaangalia picha, wakamwangalia Paskazia, wakarudi kwenye picha. Mmoja akaguna. Ile pua ilikuwa ni ile ile.

Marcel akasogea hatua mbili. Kwenye meza mbele yake kulikuwa na zawadi ya mshindi, miguu mitatu ya chuma ya kusimamishia kamera, imefungwa utepe. Akaitazama. Akamtazama Edward, ambaye sasa alikuwa anatoa jasho. Akafungua mdomo.

"Huyu..." akasema. Akafunga.

"Mimi nani, Baba Rebeka? Siyo swali gumu. Hata paka wa stoo anajua."

Neno lilikuwa moja. Mke wangu. Yakiwa mengi sana ni mawili. Na Paskazia, pamoja na hasira zote, alikuwa tayari. Marcel angelitamka pale, mbele ya yule mzee wa suti, yeye Paskazia angeiacha picha ukutani na karatasi ibadilishwe, na Jumatatu angempigia simu mzee Selestine amwambie njoo na watu wako muone, mume wangu kanipiga mimi, mkewe, na tumeshinda. Alishaipanga hiyo simu kichwani. Alisimama kilemba juu, kidevu mbele, akasubiri.

Jua lilikuwa limeingia dirishani. Likapita juu ya bega la Marcel, likamshika Paskazia nusu ya uso, hereni ikawaka, na nyuma yake palepale ukutani yule mwingine analia kwenye moshi.

Uso wa Marcel ukabadilika. Aibu ikamtoka yote, kama vile mtu kaizima. Macho yakawa madogo. Paskazia aliijua sura hiyo, aliiona siku ya mchwa, aliiona nyuma ya pipa. Mkono wa mume wake ukapanda taratibu, ukaondoa kifuniko cha lenzi, ukaiweka kamera jichoni.

"Tulia hivyo hivyo," akanong'ona. "Mama Rebeka, nakuomba. Usicheke, usiongee. Usigeuke tu."

Paskazia akageuka. Akapita katikati ya watu, wakampisha tena, safari hii bila shikamoo, akatoka mlangoni kuelekea stendi. Huko nyuma aliisikia kamera, ka, ka, ka, inampiga mgongo.