Jicho Nyuma ya Bampa

Kwa mara ya tatu asubuhi ile, mashine ya kupimia magari ilitoa jibu lile lile: hakuna hitilafu. Mama Waya akachomoa plagi yake chini ya usukani, akaifuta kwa pindo la ovaroli, akaichomeka tena. Hakuna hitilafu. Maziwa yalikuwa yameanza kumbana kifuani. Mtoto alimwacha kwa wifi yake tangu alfajiri, na hata saa nne ilikuwa bado.

"Linasemaje?" aliuliza dereva. Alisimama kando ya mlango na kofia mkononi, kama mtu aliyekuja wodini kujua hali ya mgonjwa.

"Linasema ni zima, baba."

"Basi mgonjwa ni mimi."

Manesi aliokuwa akiwapeleka na kuwarudisha zamu walimwita Taratibu, kwa sababu hata tuta alilipanda kama mwenye mtungi wa maji kichwani. Na ndiye huyu aliyeandikiwa barua mbili za kufunga breki kwa fujo. Ndani ya basi lile dogo jeupe kampuni ilikuwa imefunga kidude kinachohesabu kila breki kali na kupeleka habari ofisini. Kidude hakikujua kutofautisha mguu wa dereva na gari lenyewe, na hili lilikuwa gari la kisasa, linalojifunga breki likiona linakaribia kugonga. Wiki tatu sasa lilikuwa likijifunga barabarani pakiwa peupe. Jumatatu nesi mmoja alipasuka mdomo kwenye kiti cha mbele yake. Barua ya tatu ni ya kufukuzwa. Ofisi ilikuwa imempa hadi saa kumi jioni ya leo alete karatasi ya gereji, yenye muhuri, inayosema kosa ni la gari.

"Lina majini hilo!" fundi wa magurudumu alipaza sauti kutoka chini ya lori. "Mama Waya, acha kulipima, lisomee dua!"

"Anza kuzisomea nati zako unazosahau kukaza."

Watu wakacheka. Hata Taratibu akatabasamu kidogo, kisha akakumbuka kilichomleta.

Walitoka nalo kwenye barabara ya nyuma ya gereji, Taratibu akiendesha, Mama Waya amepakata mashine. Palikuwa na kona, na kandokando yake magari mabovu yameegeshwa. Walipoingia konani tu, gari likalia pii-pii-pii, taa nyekundu ikawaka, mikanda ikawakaba. Mbele yao hapakuwa na kitu ila mfuko wa nailoni uliokuwa ukipeperuka.

"Umeona mguu wangu?"

"Nimeuona. Uko juu. Rudia, baba."

Wakarudia mara nne. Penye uwazi halikufanya kitu. Penye kona na magari ya pembeni, lilijifunga kila mara. Mama Waya akakumbuka somo moja la darasa la jioni, siku aliyolifuata huku akisinzia, daftari likiwa na doa la uji wa mtoto. Mwalimu alisema rada, jicho la gari la kuonea mbele, ni kama tochi. Ukiweka kitu kibaya mbele ya tochi, mwanga unapinda, na mwenye tochi haoni kosa, kwa sababu anaamini anachokiona.

"Haliogopi vilivyo mbele," alisema polepole. "Linaogopa vya pembeni. Linadhani viko mbele. Ndiyo maana mashine haikuti kosa."

Walirudi. Rada ilikuwa nyuma ya bampa, kijisanduku kisichozidi kiganja. Akakipima kwa pimamaji, kiko sawa. Kamera ya juu ya kioo ni safi. Akaanza kugonga bampa kwa kifundo cha kidole, kutoka pembeni kuja katikati. Ko, ko, ko, plastiki ikaitika. Katikati ikasema du.

"Hili liliwahi kupasuka?"

"Mwezi uliopita, mtu aliligonga likiwa limeegeshwa. Lilitengenezwa hapa hapa."

Hapa hapa. Hakuwa na haja ya kuuliza na nani. Kwenye gereji ile fundi wa rangi alikuwa mmoja, mzee waliyemwita Kioo, kwa kuwa bodi akilimaliza ungeweza kunyolea ndevu. Kioo hakuwa na mkono wa choyo. Penye ufa alijaza filla, lile rojo la kuzibia nyufa, akapiga msasa, akajaza tena, mpaka ukapitisha kidole usijue palipasuka. Na hapo alikuwa amejaza mbele ya jicho la gari.

Walifungua bampa, wakarudi konani rada ikiwa wazi. Gari likapita kimya. Akasimamisha katoni kubwa aliloliviringishia karatasi ya foili inayong'aa katikati ya barabara, gari likajifunga kabla ya kulifikia, kama linavyotakiwa. Wakarudisha bampa, kona ikalitisha tena.

Saa nane akapeleka kadi ya kazi, kosa la filla limeandikwa, kwa meneja wa gereji, aliyekuwa akijipepea kwa bahasha. Meneja aliisoma yote, akashusha pumzi.

"Mama, unajua kampuni ya huyu dereva ina magari mangapi tuliyopaka rangi sisi?"

"Sijui, bosi."

"Kumi na manne. Nikigonga muhuri hapa, kesho yote yako getini. Chukua bampa zima stoo, lifunge. Gari limepona, yamekwisha."

"Na baba huyu?"

"Mashine imesema nini?"

"Mashine inadanganywa na..."

"Nimekuuliza imesema nini."

Meneja akachukua kadi nyingine, akaandika mwenyewe: Limekaguliwa. Hakuna hitilafu. Akagonga muhuri kwa nguvu, tap, meza ikatikisika.

Taratibu aliisoma kadi hiyo amesimama, midomo ikichezacheza. Alipomaliza akaikunja mara nne.

"Basi liacheni na bampa lake, mwanangu," alisema. "Mkiliponya leo, kesho atapewa mwingine, halitajifunga hata mara moja. Watasema mnaona? Alikuwa yule mzee. Gari lenyewe litanishuhudia vibaya."

Fundi wa magurudumu alikuwa ametoka chini ya lori na nyundo mkononi, hana mzaha tena.

Taratibu akaivaa kofia, akaivua.

"Lakini yule nesi ana nyuzi nne mdomoni," alisema. "Lifungeni."

Bampa la stoo lilikuwa jeusi. Walipomaliza, Mama Waya alimwona Kioo amechutama mbele ya lile jeupe lililoegemezwa ukutani. Alikuwa akiligonga kwa kidole. Ko, ko, du.

"Miaka ishirini na miwili napaka," alisema bila kugeuka. "Wamenunua mashine, wamenunua kiyoyozi cha ofisi. Hakuna aliyenifuata kuniambia, mzee, siku hizi magari yana macho huku."

"Na mimi nimeambiwa kwa ada yangu, mzee, darasa la jioni."

"Huyo bwana ana watoto?"

"Wanne."

Kioo akainuka, magoti yakilia. Akaenda kwenye kabati lake akarudi na msumeno. Alikata taratibu, akifuata mstari alioujua yeye, mpaka kipande cha katikati kikaanguka mkononi mwake, upana wa sahani. Pembeni filla ilionekana wazi, nene, tabaka juu ya tabaka. Mama Waya akaipima kwa rula yake ya chuma: milimita kumi na moja. Akaandika nyuma ya kipande tarehe, kipimo, na jinsi gari lilivyofanya konani, na chini akatia sahihi. Kioo akaiomba kalamu. *Filla niliweka mimi*, akaandika, herufi kubwa kubwa, kisha jina lake alilopewa na mama yake, ambalo pale gereji hakuna aliyewahi kulisikia.

"Meneja atakufukuza," Mama Waya alisema.

"Na wewe je? Haya, nendeni. Saa haimngoji mtu."

Kwenye geti la kampuni Taratibu alikabidhi ufunguo. Kijana mmoja, dereva mpya, akaupokea bila kumtazama, akaingia ndani ya basi, akaanza kusogeza kiti mbele, akikipima kwa miguu yake. Ilikuwa saa tisa na dakika hamsini. Mlinzi alifungua daftari, akakitazama kile kipande mkononi mwa Taratibu.

"Hicho ni nini?"

"Ushahidi," alisema Taratibu.

"Hapa hakuna safu ya ushahidi, mzee. Kuna wageni na kuna mizigo."

"Basi andika mzigo."

Mlinzi akaandika: plastiki, kipande kimoja. Akamtazama Mama Waya, ovaroli limelowa kifuani madoa mawili.

"Na wewe, mama? Mgeni au mzigo?"

"Nenda ukamnyonyeshe mtoto," Taratibu alimnong'oneza. "Umetosha."

Mama Waya alilivuta daftari upande wake. Akachomoa ile rula ya chuma mfukoni, bado ina vumbi jeupe la filla, akailaza kwenye ukurasa, akapiga mstari kutoka juu mpaka chini, ikawa safu ya tatu. Juu yake akaandika *Mashahidi*. Chini yake akaandika jina la Kioo, kisha lake.

"Sasa ipo," alisema, akamrudishia mlinzi kalamu.