Kichwa cha Mama Ngusa

Upande wa kushoto wa kichwa cha Paskalina ulikuwa umeshasukwa. Upande wa kulia nywele zilisimama, zimechanuliwa, zinangoja. Umeme ulikuwa umekatika tangu alfajiri, kwa hiyo walikaa mlangoni, ambako vumbi la barabara ya Bugarama liliingia bila hodi. Blessing alibana rasta kwa meno, vidole vikigawa mstari.

"Taratibu, mdogo wangu. Hicho ni kichwa, si karai."

"Kichwa gani, dada? Hili ni jiwe la kupeleka karasha likasagwe."

Paskalina alicheka mpaka mabega yakatikisika.

"Tulia, dada. Unapindisha mstari."

Blessing alikuja kutoka Kitwe, Zambia, akimfuata mumewe Boaz, fundi mitambo aliyeajiriwa na mkandarasi mmoja wa mgodini. Boaz aliugua, akafa kabla mkataba haujaisha, wakamzika nyuma ya kanisa. Mkandarasi alimpa mjane tiketi ya basi arudi kwao. Hakuitumia. Siku ya kuanua matanga alitakiwa ndugu wa kumnyoa, naye hakuwa na ndugu. Paskalina, jirani aliyeuza dagaa, alichukua wembe akamnyoa mbele ya watu. "Kuanzia leo mimi ndiye dada yako," alimwambia.

Kwa hiyo, nywele zilipoota na Blessing akajenga saluni hii ya mabati, hakuona ubaya leseni kuandikwa jina la Paskalina. Wageni wenye biashara ndogo walikuwa wameanza kusumbuliwa. Walikubaliana kwamba wakija wakaguzi, Paskalina aseme saluni ni yake.

Wakaguzi walikuja kabla upande wa kulia haujasukwa, wawili kwa pikipiki moja. Onesmo alitangulia kushuka. Mgambo wake, Adam, alibaki mlangoni.

"Shikamoo, Baba Melania," Blessing alisema. Alimfahamu. Binti zake walisukwa hapa kila shule zilipofungwa, na malipo hayakuwahi kutajwa.

"Marahaba. Mzambia, bado upo?"

"Nipo, baba."

"Amri umeisikia. Saluni si kazi ya mgeni. Hii ni ya nani?"

Blessing alibonyeza kidogo bega lililokuwa mbele yake.

"Yangu," Paskalina alisema.

"Yako, Mama Ngusa? Mwenye saluni ndiye aliyekaa kwenye kiti anasukwa?"

"Kwani mwenye hoteli hali?"

Adam aliangua kicheko. Hata Onesmo alitabasamu. Blessing akashusha pumzi.

"Viti, kioo, draya, vyote vyako?"

"Vyote."

"Basi haifungwi. Ni mali ya Mtanzania." Onesmo akamgeukia Blessing. "Na huyu mfanyakazi, kibali chake cha kazi kiko wapi?"

Barabarani yalipita magari matatu meupe ya mgodini, vibendera vyake vikiyumba juu ya fimbo ndefu. Ndani walikaa wageni wenye kofia ngumu. Onesmo aliwapungia mkono. Vioo havikushuka.

"Hana," alijijibu. "Kusanya nguo zako, twende. Utasafirishwa kwenu."

"Baba, mimi nina kaburi hapa."

"Kaburi hatujalifukuza. Tunakufukuza wewe."

Blessing alimshika Paskalina mabega. "Dada, mwambie. Mwambie hapa nimejenga mimi."

Paskalina alijitazama kwenye kioo, nusu kichwa. Kutoka pale aliona pia viti viwili, rafu ya mafuta, na draya ikining'inia kwenye msumari. Ndoo yake ya dagaa ilikuwa chini ya benchi, imefunikwa kwa kanga, na nzi wameizunguka.

"Nimeshasema ni yangu," alisema kwa sauti ndogo. "Nikigeuza maneno nitafungwa mimi. Ngusa atabaki na nani?"

"Dada."

"Niache, Blessing."

"Wabeja, mama," Onesmo alimshukuru kwa Kisukuma. "Umesema kama mtu mzima."

Paskalina alipeleka mkono upande wa kulia wa kichwa. Ulipozigusa zile nywele zilizosimama, aliuondoa upesi.

"Baba Melania, kesho mwanangu anapata kipaimara. Askofu anakuja. Kanisani nitaingiaje hivi?"

Onesmo aliinama, akamtazama upande huu na upande ule. Akacheka.

"Haya. Amalize kichwa cha bosi wake, ndipo tuondoke." Akaketi kwenye benchi la wateja, akanyoosha miguu.

Blessing alichukua rasta nyingine. Vidole vilijua njia. Hakuvuta kwa nguvu, ingawa Paskalina alikaza shingo akingoja kuvutwa. Paskalina alikuwa analia, na kila alipotikisika mstari ulipinda. Blessing aliufumua, akaanza upya.

"Tulia, dada," alisema.

Alipomaliza, alimimina maji ya moto kutoka kwenye chupa ya chai, akachovya ncha, akazikausha kwa taulo. Nje Adam aliwasha pikipiki. Kisha, kama alivyomfanyia kila mteja, Blessing akachukua kioo kidogo rafuni, akakishika nyuma ili mwenye kichwa aone kisogo chake.

Paskalina alifumba macho.

Onesmo ndiye aliyesogea kutazama. "Safi kabisa," alisema. Akageuka, kama mtu aliyekumbuka jambo. "Sasa, Mama Ngusa, binti zangu atawasuka nani?"

Blessing alibaki na kioo mkononi, hajui akirudishe kwenye rafu ya nani.