Ramani ya Ritha na Kisima cha Mama Selestine

Ritha, mtaalamu wa maji aliyetumwa na ofisi, alipima visima kumi na viwili kwa siku nne, na siku ya nne ramani yake ikakamilika. Tangi la kituo cha mafuta kilichofungwa pale senta, njia ya kwenda Ushirombo, lilikuwa limevuja ardhini kwa miaka bila mtu kujua. Doa jekundu alilochora lilianzia kituoni na kuteremka kaskazini kuelekea mbugani. Visima saba vilikuwa ndani. Cha Mama Selestine, muuza chai, kilikuwa nje kabisa, upande wa mashariki.

Asubuhi akaenda kumpa habari njema.

"Shikamoo, mama. Kisima chako ni kizima."

"Marahaba, mwanangu. Kama ni kizima, onja."

Ritha akanywa funda moja la chai, akakunja uso. Ilinuka mafuta ya taa, kama chemli.

"Labda ni sufuria?"

"Sufuria naisugua na majivu mpaka inataka kutoboka!"

Wakaenda kisimani, hatua chache kutoka kwenye mabenchi ya wateja. Ritha akateremsha chupa yake, akapima. Hakuna kitu. Akarudia. Hakuna kitu.

"Kifaa chako kina mafua," alisema Mama Selestine, na wateja wakaangua kicheko. Ritha naye akacheka, lakini moyoni alikuwa ameudhika. Miaka sita ya kazi hii, leo anashindwa na pua ya muuza chai!

Kwenye benchi alikaa Luka, au Baba Hosiana kama walivyomwita, mchimba visima ambaye zamani alitafuta dhahabu kwenye mashimo ya Geita. Akaweka andazi lake chini.

"Dada, hiki nilikichimba mimi. Juu ni mchanga, lakini chini nilikuta mwamba mweupe wenye ufa, mkono unaingia. Maji yanatokea humo, na ufa wenyewe unaelekea kituoni. Wewe umechota maji ya juu, ya mvua ya juzi; chai hii ni ya maji ya mtungini, yaliyochotwa kabla ya mvua. Yatoe kwanza, ya ufa yaje."

Ritha akakunjua ramani. Humo ardhi yote ilikuwa mchanga, kwa sababu visima alivyopewa taarifa zake vilikuwa vya mchanga. Katikati ya kisima na kisima alikuwa amekisia.

"Tunahitaji ndoo ngapi?" akauliza.

"Hamsini, hivi."

Wanawake wa jirani wakaja na kamba zao, wakavuta huku wakiimba nyimbo za kwaya. Ndoo zote zikamwagwa kwenye shimo la takataka, mbali na mifugo. Ya arobaini na tatu ilipofika juu, hakuna aliyehitaji kifaa. Harufu iliwafanya wazibe pua. Ritha akapima hata hivyo, mshale ukapanda.

"Kimepona mafua!" akapiga kelele Mama Selestine, akamkumbatia Ritha kama vile ameshinda bahati nasibu, ilhali kisima chake ndicho kilichokuwa kinafungwa saa ile.

Wiki iliyofuata, kwenye mkutano wa kitongoji, Ritha alibandika ramani mpya. Doa lilikuwa limeota ulimi mrefu mashariki, na ncha yake ilikuwa ya nukta nukta.

"Hizo nukta ni nini?" aliuliza mwenyekiti, Mzee Maganga.

"Ni mahali ambapo sijui."

Watu wakaguna. "Ofisi imetuletea mtaalamu asiyejua?"

Mama Selestine akasimama. "Wiki iliyopita alijua, nami nikanywa chemli. Mimi nampenda huyu wa leo."

Mkutano ukacheka, kisha ukaanza kazi. Walikubaliana kwamba visima vyote vya ndani ya doa na vya kwenye nukta visitumike kwa kunywa wala kupikia, watu wachote kwenye bomba la shule, na Ritha arudi kila mwezi kupima upya, masika na kiangazi. Kila aliyewahi kuchimba kisima alipanga foleni kumweleza alichokikuta chini. Ritha akajaza daftari zima. Alipofunga kalamu mkono ulimuuma, na alikuwa na furaha ambayo ramani ya kwanza haikumpa.

Kisima cha Luka mwenyewe kiliangukia kwenye nukta. Kesho yake alfajiri alionekana kwenye foleni ya bomba na madumu mawili, mwanamume pekee kati ya akina mama thelathini.

"Mwangaluka, Baba Hosiana," wakamwamkia Luka kwa pamoja, kwa Kisukuma. "Leo tutakufundisha kubeba kichwani."

Akajaribu. Alilowa mpaka viatu, akaenda nyumbani akicheka.