Gwamaka na Bajaji Isiyonguruma

Siku Gwamaka alipopata kiharusi alikuwa juu ya paa la duka lake pale Bondeni, mjini Kyela, anafuta paneli za sola. Kiangazi kilikuwa kimekaza na vumbi la barabarani lilikuwa limezifunika. Alihisi mkono wa kulia unakuwa mzito, akashuka ngazi taratibu, akaketi ndani katikati ya kompyuta zake mbovu. Mkewe, Felista, alipomletea chakula alimkuta hapo.

“Mbona umekaa gizani?” akamuuliza.

“Ndaga,” Gwamaka akajibu.

Ndaga kwa Kinyakyusa ni asante. Felista akadhani anashukuru kwa chakula. Akamuuliza kama amemaliza kazi ya juu. “Ndaga.” Ndipo alipomtazama vizuri, akaona mdomo umevutwa upande mmoja na mate yanamtoka.

Hakupiga kelele. Aliweka bakuli mezani, akalifunika, akaenda kumwita jirani mwenye gari. Baadaye watu walisimulia jinsi mama Asifiwe alivyokuwa jasiri. Haukuwa ujasiri. Kuna kitu kilizimika ndani yake palepale, na yaliyofuata aliyafanya kwa sababu yalikuwa yanafuata: hospitali ya wilaya, kisha rufaa ya Mbeya, kisha simu kwa binti yao Asifiwe aliyekuwa anafanya kazi Dodoma. Asifiwe alilia kwenye simu mpaka akakosa pumzi. Felista alisubiri amalize, halafu akamwambia aje na shuka.

“Damu imekosa njia upande wa kushoto wa ubongo,” daktari alimweleza. “Maneno hukaa upande huo. Atakuelewa mengi, lakini kuyatoa yake ndiyo shida. Limebaki hilo moja. Wengine hubakiwa na jina la mtu, wengine na tusi. Wako kabakiwa na shukrani.”

“Asante, daktari,” Felista akasema.

Kyela ilimjua Gwamaka kwa maneno. Alikuwa fundi wa kompyuta na simu, lakini mteja aliyeleta simu ya kubadilishwa kioo aliondoka na mengine ambayo hakuyaomba. Angeambiwa kwamba kompyuta haizeeki, inazeeshwa na programu nzito, na kwamba ile aliyoitupa stoo inaweza kufanya kazi miaka mingine mingi ikiwekewa mfumo wa bure. Angeambiwa kuhusu majumba ya kompyuta huko ng’ambo yanayojibu maswali ya watu, jinsi yanavyokunywa maji na umeme kama ng’ombe wa kiangazi. “Kila ukiuliza swali la kipuuzi,” alikuwa akisema, “kuna mto mahali fulani unapungua.” Watu walicheka, yeye hakucheka.

Zaidi ya yote angeambiwa kuhusu magari ya umeme. Gwamaka alinunua bajaji chakavu, akang’oa injini, akafunga mota. Betri aliitengeneza mwenyewe kwa seli alizozitoa kwenye betri za laptop zilizokufa, akizipima moja moja na kuzikataa zilizochoka. Alichaji kwa jua la juu ya paa. Bajaji ilipotembea kwa mara ya kwanza, watoto wa Bondeni waliifuata wakiuliza imezimika au inaenda.

“Mungu aliitandaza Kyela hivi kwa ajili ya gari la umeme,” alimwambia Badru. “Hakuna mlima hapa. Mlima unaanzia kwa wenzetu wa Tukuyu.”

Badru alikuwa rafiki yake, mfanyabiashara ambaye babu yake alitoka Tanga akaja kufungua duka la nguo. Yeye aliuza vipuri na alikuwa na bajaji zake kadhaa za petroli.

“Na mvua je?” Badru alimjibu. “Hapa mwezi mzima unaweza usilione jua. Utachaji kwa maombi?”

“Mwezi huo nitachaji kwa umeme wa gridi, na umeme wa gridi mwingi ni wa maji. Mvua hiyo hiyo unayonitishia.”

“Mimi naendelea na petroli yangu.”

Walibishana hivyo miaka mingi. Felista aliyasikia yote akiwa anachambua mchele au anakaanga samaki, na hakujua kama anayasikia. Yalikuwa sawa na mlio wa feni.

Gwamaka aliporudi kutoka Mbeya, nyumba ilijaa wageni. Walimsalimu, “Ugonile,” naye akajibu, “Ndaga.” Ndivyo salamu hiyo inavyojibiwa, kwa hiyo wageni wa kwanza walitoka wakitangaza kwamba fundi amepona. Walimpa uji, akasema ndaga. Walimwombea, akasema ndaga. Mpaka dada yake aliyetoka Ipinda alipomuuliza anaumwa wapi, akasema ndaga, akauliza tena, ndaga, ndipo dada mtu akatoka nje akalilia ukutani. Felista alimpelekea maji ya kunawa uso. Alijaribu kulia naye, ikashindikana. Akarudi jikoni.

Siku zilikwenda. Alimwamsha, alimwogesha, alimvalisha, akianza na mkono uliokufa kama alivyoelekezwa. Alimkalisha kibarazani. Wengine walimshauri afungue duka, wengine wakamshauri alifunge. Alijibu ndiyo kwa wote.

Kabla mvua hazijaanza, Badru alikuja. Aliketi karibu na Gwamaka. Kisha akamgeukia Felista.

“Shemeji, nimekuja kwa aibu. Petroli imenishinda. Nataka kubadilisha bajaji zangu ziwe za umeme.”

Felista akamtazama mumewe. Jambo alilolipigania miaka yote lilikuwa limekuja lenyewe mpaka kibarazani, limeketi kwenye kiti cha plastiki. Gwamaka alikuwa anamtazama Badru, jicho la kushoto limefunguka vizuri.

“Umemsikia?” Felista akamuuliza.

“Ndaga,” Gwamaka akasema.

“Ningemwomba yeye anifundishe,” Badru akaendelea. “Sasa ninaye fundi, anaitwa Aliko, kijana mwenye akili. Anasema akiipata hii ya Gwamaka aifungue, aone ilivyofungwa, ataweza kuzitengeneza nyingine. Niuzie, shemeji. Imekaa tu hapo.”

Kweli ilikuwa imekaa tu, kuku walikuwa wameanza kulala ndani yake. Felista alisubiri moyo umwambie kitu. Haukumwambia.

“Njoo uichukue kesho,” akasema. Bei walikubaliana bila maneno mengi.

Kesho yake Aliko alikuja kuichukua. Felista alimwonyesha swichi ilipofichwa chini ya kiti, na jinsi ya kuangalia betri imebaki na kiasi gani. Gwamaka alikuwa kibarazani, amegeukia migomba. Bajaji ilitoka pembeni mwa nyumba, ikapita mgongoni kwake hatua chache tu, ikaingia barabarani. Ingekuwa ya petroli angeisikia. Hakugeuza hata kichwa.

Jioni Felista alipomshika kumwingiza ndani, Gwamaka aliona mahali pa bajaji patupu. Alisimama. Akaelekeza kidole cha mkono wa kushoto.

“Ndaga?”

“Nimemuuzia Badru. Watatengeneza nyingine kwa kuiga hiyo.”

Alimtazama mkewe kwa muda. Felista alimwacha amtazame, akiwa amemshika kwapa, akifikiria kwamba wali umeshaiva na utaungua. Kisha wakaingia ndani.

Masika yalipita na kiangazi kingine kikaja. Bajaji za umeme za Badru zilikuwa zinatembea mjini, rangi ya kijani, na watu walishazizoea. Felista alikuwa anampeleka Gwamaka mazoezi hospitalini, na siku moja bajaji iliyosimama mbele yao ilikuwa mojawapo ya hizo. Dereva alijitambulisha kuwa ni Dickson, akamsaidia Gwamaka kupanda, akamfunika magoti kwa upole. Alikuwa mgeni mjini, katokea upande wa Busale.

“Mzee hajawahi kupanda hii, bila shaka,” alisema wakiwa njiani. “Umeona ilivyo kimya? Haina oili, haina plagi, haina moshi. Haya ndiyo mambo ya kisasa. Bosi wangu Badru ndiye aliyeyaleta hapa Kyela.”

“Ndaga,” Gwamaka akasema.

“Karibu, mzee. Watu wanaogopa betri. Betri haina shida, ukiijua. Siri ni moja. Unaiendesha mpaka inazima yenyewe, halafu unaichaji usiku kucha mpaka inachemka. Hapo inakomaa. Ukiichaji kidogo kidogo unaidekeza.”

“Ndaga,” Gwamaka akasema tena, kwa sauti nyingine. Akapiga bomba la pembeni kwa kiganja cha kushoto. “Ndaga. Ndaga! Ndaga!”

Dickson akatabasamu kwenye kioo. “Mzee anashukuru sana. Na mimi nashukuru, mzee wangu.”

Felista alimgeukia mumewe. Mshipa wa kipaji cha uso ulikuwa umesimama, ule uliosimama kila Badru alipotaja petroli. Alikuwa hajauona tangu siku ya kiharusi.

“Hashukuru,” Felista akasema. “Anakukatalia.”

“Kasema ndaga, mama.”

“Hana neno jingine. Anakwambia unaiua hiyo betri. Usiiache izime. Ikifika robo rudi ukachaji, na ikishajaa usiiache kwenye umeme usiku kucha. Ikiwa ya moto usiichaji kabisa, isubiri kivulini ipoe. Na huko kukomaa hakupo.”

Dickson alipunguza mwendo. “Nani kakwambia, mama?”

“Yeye. Kila siku, wakati mimi nataka kula.” Sauti yake ilikuwa imepanda na hakujua inapanda. Koo lilikuwa linamchoma. “Hiyo bajaji ya kwanza, mliyoigia hizi zenu, kaitengeneza yeye kwa mikono yake. Badru hajaleta kitu.”

Gwamaka alikuwa ameshusha mkono. Aliuweka juu ya goti la mkewe, ule mkono mzima, akauacha hapo mpaka hospitalini. Kule kuchoma kwa koo kulikaa kidogo, kisha kukaondoka, na Felista akawa kama alivyokuwa. Lakini alikumbuka kwamba kulikuwapo.

Baada ya mazoezi alipita na Gwamaka dukani kwa Badru. Alimweleza alichokisikia kwa Dickson, kwa kifupi, bila lawama. Badru alijishika kichwa.

“Betri mbili zimeshakufa,” akasema. “Aliko ananiambia ni seli mbovu. Kumbe madereva wanaziua, na mimi sikuwafundisha kwa sababu sijui.” Akamtazama Gwamaka. “Nisamehe, ndugu yangu. Nilitakiwa kuja kwako na mafundi wote, tukae hapo kibarazani hata kama husemi.”

“Ndaga,” Gwamaka akasema, na safari hii huenda ilikuwa ndaga yenyewe.

Ikawa kila Jumamosi Badru anamtuma Dickson kumchukua. Gwamaka alikalishwa kwenye karakana, mbele ya meza. Mwanzoni Aliko hakupenda. Alisema yeye amesoma chuo, hawezi kusahihishwa na mtu asiyesema. Lakini alimwonyesha seli, moja baada ya nyingine, pamoja na kipimo chake, na Gwamaka alipiga meza kwa kiganja kwa zile za kukataa, akatulia kwa zile za kukubali. Aliko alizirudia zilizokataliwa, akakuta nyingi zinavujisha chaji usiku. Kuna alizokuwa amekosea Gwamaka pia, moja au mbili, na Aliko alimwambia hivyo usoni. Gwamaka akapiga meza. Wakabishana, mmoja kwa maneno na mwingine kwa kiganja, mpaka Badru akaja kuwanyamazisha kwa sababu kulikuwa na wateja.

Hakupona. Mkono wa kulia ulibaki hivyo hivyo na neno lilibaki lile lile. Daktari alisema yaliyorudi yamerudi. Kompyuta za duka la Bondeni Felista aliwapa wadada wa kanisani walioanzisha darasa la kuchapa, na chumba akakipangisha.

Mvua zilipoanza tena alikwenda Busale kupandikiza mpunga kwenye shamba la mama yake. Ilikuwa Jumamosi. Alipofika kwenye tuta, simu ikaita. Alikuwa Asifiwe.

“Mama, unaendeleaje?”

“Nipo.”

“Unalala?”

“Nalala.”

Asifiwe alikuwa amezoea majibu hayo, na bado kila wiki aliuliza. “Baba yuko wapi?”

“Karakana. Jana mawingu yalikuwa mazito, nadhani leo wanabishana kuhusu kuchaji kwa sola.”

“Na wewe unafikiri waache sola?”

Felista alifikiri. Hakuna aliyewahi kumuuliza hilo. “Wasiache,” akasema. “Waongeze paneli, na siku za mvua watumie ule wa gridi. Lakini wakati wa mchana, si usiku wote wakilala.”

“Kwa nini mchana?”

“Ili mtu awe macho betri ikipata moto.”

Akaaga, akaifunga simu kwenye mfuko wa nailoni, akaiacha juu ya tuta. Wanawake wenzake walikuwa wameshaanza mistari yao, migongo imeinama. Akapandisha kitenge, akaingia jarubani. Maji yalikuwa ya vuguvugu, yakamfika kwenye vifundo. Alichukua fungu la miche, akalifungua, akaanza kupandikiza.